Vizibao vya Heshima katika Nchi ya Stahani

Wanaosafiri sana husema uongo kidogo, na wasiosafiri kabisa husema uongo mwingi. Basi na tumwamini Mwalimu Sikuzani, aliyesafiri mara moja tu, akaenda Stahani, akarudi na hasira ambayo mpaka leo haijamtoka. Alifikaje huko, tusimuulize. Ukimuuliza habari za njia, atakuuliza na yeye kama umemwita kunywa chai au kufundisha jiografia. Anachotaka kusimulia ni uchaguzi, kwa sababu uchaguzi ni kazi aliyoijua. Kwao alikuwa akifundisha darasa la tatu, na kila ulipofika uchaguzi wa madiwani aliombwa akae mezani kituoni, atafute majina ya watu kwenye daftari na kuwachovya vidole katika wino. Alikuwa hodari wa kazi hiyo, na mdomo wake ulikuwa hodari kuliko mikono.

Stahani, lazima tuseme kweli, ni nchi safi yenye watu wapole. Sokoni hapana matusi, njiani hapana kusukumana, na hata mbwa wake hubweka kwa zamu. Watu wa huko wanaongozwa na kitu kimoja tu, heshima, na heshima yenyewe imetungiwa sheria. Kijana akimuuliza mkubwa swali hajibiwi, anashukuriwa. Ukienda ofisini kusema bomba la mtaa wenu limekauka, karani anasimama, anaweka mkono kifuani, anakushukuru kwa kuleta habari hiyo, kisha anaketi. Ukirudi baadaye anakushukuru kwa kurudi. Sikuzani alikaa kidogo tu akagundua kwamba watu wengi wa Stahani wana kiu, na wote wameshashukuriwa.

Sheria iliyo juu ya nyingine zote imechongwa kwenye jiwe, juu ya mlango wa baraza la kata. Inasema kwamba heshima ikitolewa kwa mikono miwili haikataliwi, na atakayeikataa amejitoa mwenyewe katika wakazi: hana kura, hana kiwanja, hana cheo. Watoto huimbishwa maneno hayo kabla hawajajua kuhesabu. Ndiyo maana wenyeji walipompa Sikuzani kitanda cha heshima, kilichokuwa kifupi kuliko yeye, alilala amejikunja bila kunung'unika. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgongo wa mgeni haukupona.

Wenyeji hao walikuwa wawili, Bi Staajabu na mjukuu wake Subira. Bi Staajabu alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, aliyependa kahawa chungu na kulala mapema. Subira alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha kata, akijifunza kuchomelea vyuma, na mikono yake ilijaa alama za cheche. Alibakiza mwaka mmoja amalize. Alikuwa ameshachora kwenye ukuta wa chumba chake geti la kwanza atakalotengeneza siku atakapokuwa fundi kamili, na geti hilo lilikuwa na maua mengi mno, kama ayafanyavyo mtu ambaye hajawahi kulipia chuma.

Lakini chuo kilikuwa hatarini. Diwani wa kata, Mheshimiwa Kudumu, aliyeketi kwenye kiti hicho tangu Subira hajazaliwa, alikuwa ametangaza kwamba akirudishwa atakifunga chuo na kukigeuza Ukumbi wa Shukrani. Humo vijana wa kata wangeitwa kila mwaka, wakakalishwa kwenye viti vyenye mito, wakashukuriwa kwa kujitolea kwao. Mpinzani wake, fundi cherehani mmoja aliyeitwa Bi Tunu, aliahidi jambo moja tu, kwamba chuo hakitaguswa. Kikifungwa, Subira angerudi kumenya karanga za watu kwa kibaba, kazi iliyomzeesha mama yake kabla ya wakati, na alilijua hilo kila alipoangalia lile geti ukutani.

Sikuzani alipoelezwa haya aliona jambo lenyewe ni jepesi. Wanafunzi walikuwa tele, wengi kiasi cha kuamua mshindi wa kata nzima, na kura ni kura. Akamwambia Subira wakapige kura, mambo yaishe. Subira akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Sisi hatupigi kura, mwalimu," alisema. "Sisi tunajitolea."

Hapo ndipo Sikuzani alipofahamishwa desturi ya vizibao. Kila uchaguzi, vijana wote waliotimiza umri, wengi wao wanafunzi, hupewa kizibao cha kijani na kuitwa macho ya uchaguzi. Kizibao ni heshima, na heshima haikataliwi. Tena kuna sheria ya pili, ndogo lakini kali, isemayo kwamba mwamuzi hachezi: aliyevaa kizibao hapigi kura. Kwa hiyo kijana wa Stahani hupokea kizibao chake, huvaa, husimamia kura za wengine kutwa nzima, hushukuriwa, huenda nyumbani. Na ujana huko huhesabiwa mpaka mvi: Bi Staajabu mwenyewe alipiga kura yake ya kwanza nywele zimeshakuwa nyeupe. Hakuna aliyekatazwa kupiga kura, waliheshimiwa tu.

Sikuzani alikasirika mpaka kahawa ikapoa mkononi. Kwao, alisema, karani anayekaa mezani ana kura yake kama mwenye duka na kama mchunga mbuzi. Anaipiga, anakausha wino kwenye kidole asichafue daftari, anaendelea na kazi, na hakuna jicho lililowahi kumtoka kwa sababu hiyo. Bi Staajabu akamwambia kwamba hayo akayaseme barazani, kwani mgeni peke yake ndiye anayeuliza akajibiwa.

Baraza lilifanyika mbele ya lile jiwe. Wazee walikaa vitini, wanafunzi wakakaa chini nyuma kabisa, na Bwana Adabu, msimamizi wa uchaguzi wa kata, akasimama na suti iliyopigwa pasi mpaka ikawa inang'aa viwikoni. Sikuzani akauliza kwa nini vijana hawaachiwi wapige kura kwanza. Ukazuka mjadala ambao mpaka leo akiusimulia hufumba macho. Mzee mmoja alieleza kwamba kijana ana jozi moja tu ya macho, akiyatumia kuchagua hatabaki na ya kusimamia. Mwingine alisema kura ni nzito na migongo ya vijana bado inakua. Wa tatu alikiri kwamba yeye binafsi hana sababu yoyote, ila amezoea, na huyo ndiye aliyepigiwa makofi kuliko wote.

Sikuzani hakuwa mtu wa kunyamaza. Akauliza, kwa kejeli ambayo haikuonekana, kama heshima ya nchi hiyo inatoka kwenye mfuko wa Bwana Adabu peke yake, au na wengine wamejaliwa kuwa nayo ya kugawa. Bwana Adabu aliona hapo ndipo pa kumwonyesha mgeni ukubwa wa nchi yake. Akanyoosha shingo.

"Heshima ya Stahani haina umri wala cheo, mwalimu," alisema. "Hata mtoto wa kutambaa akikunyooshea mikono miwili, lazima upokee. Hata mimi. Hata mheshimiwa diwani hapa."

Wazee wakapiga makofi, na Mheshimiwa Kudumu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nyuma kule, Subira hakupiga makofi. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimwomba Sikuzani amrudie maneno yale polepole, na aliporudiwa, akataka kujua kama kweli Bwana Adabu amesema yeyote anaweza kutoa heshima. Sikuzani akamwambia amesema hata wa kutambaa. Walipofika, Subira akaingia chumbani kwake moja kwa moja. Sikuzani alidhani msichana amechoka tu, nasi hatumlaumu mwalimu, kwa kuwa alikuwa bado ameshughulika na hasira zake.

Siku ya uchaguzi kituo kilikuwa kwenye uwanja wa chuo chenyewe, kando ya karakana alimojifunzia Subira. Sikuzani ameona vituo vingi, lakini kama kile hajapata kuona. Wapiga kura walikuwa wachache na wasimamizi walikuwa umati, kwa sababu kila kijana ilibidi apatiwe kazi. Palikuwa na wa kumkaribisha mpiga kura na wa kurudia makaribisho kama hakuyasikia. Palikuwa na wa kupokea fimbo, wa kuitazama fimbo na wa kuirudisha. Palikuwa na wa kumshikia mwavuli kutoka mezani mpaka kwenye sanduku, ingawa sanduku lilikuwa kivulini. Mvulana mmoja mpole aliyeitwa Radhi, aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko wote chuoni, alipangiwa kuhakikisha kwamba meza haiondoki.

Wazee walijipanga kwenye foleni, Mheshimiwa Kudumu akiwa wa kwanza kwa desturi. Wanafunzi walijipanga upande wa pili. Sikuzani, akiwa mgeni, alipewa kizibao mapema, naye akakivaa bila ubishi, maana kura hakuwa nayo na kazi alikuwa anaijua. Bwana Adabu akatoa hotuba. Alisema vijana ni taifa la kesho, na kwamba kesho, kwa bahati njema, haijafika. Alisema anayekivaa kizibao hiki amekuwa jicho la kata. Kisha akaanza kugawa, na wa kwanza kuitwa alikuwa Subira, aliyefanya vizuri kuliko wenzake kwenye mafunzo.

Subira alipokea kizibao kwa mikono miwili na akashukuru vizuri. Hakukivaa. Aligeuka, akavuka uwanja akiwa amekishika vile vile mbele yake, mpaka akasimama mbele ya foleni ya wazee.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Kudumu, kwa kuwa ulimi wake ulishazoea.

Subira akamnyooshea kizibao. "Umeitumikia kata hii tangu sijazaliwa," alisema. "Pokea heshima hii."

Sikuzani aliona furaha na hofu vikimpanda kwa pamoja, kwa sababu alijua kama hesabu haikukaa sawa, msichana huyu angefutwa katika wakazi mbele ya macho yake, asiwe na chuo wala kata. Kudumu akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akafanya kile alichokifanya maisha yake yote. Alimshukuru Subira kwa wazo lake zuri. Siku nyingine mazungumzo yangeishia hapo. Lakini mikono ya Subira, iliyozoea kushika chuma mpaka kishikane, haikushuka.

"Sijauliza swali, mheshimiwa," alisema. "Nimekupa heshima."

Kudumu akamtazama Bwana Adabu. Bwana Adabu akatazama viatu vyake, ambavyo navyo vilikuwa vinang'aa na havikumsaidia. Kila mtu pale aliijua ile sheria kwa wimbo. Akikataa, si mkazi. Na asiye mkazi hawi hata mgombea. Akipokea na kuvaa, ni mwamuzi, na mwamuzi hachezi. Mzee alisimama hapo kidogo, kisha akanyoosha mikono miwili, akakipokea kizibao na kukivaa. Hakikufunga tumboni.

Wanafunzi hawakuhitaji kuambiwa. Kila aliyepokea kizibao kwa Bwana Adabu alivuka uwanja, akaamkia, akanyoosha mikono. Wazee ambao kwa miaka na miaka walikuwa wamesifu uzuri wa vizibao sasa waliviona vina kola mbaya, vinawasha, vinabana makwapa. Mkuki kwa nguruwe, Sikuzani alijisemea, na akajisemea kwa sauti. Mmoja alijaribu kuficha mikono mfukoni, jirani yake akamnong'oneza kwamba kuficha ni kukataa, akaitoa. Radhi alimvika Bwana Adabu mwenyewe, kwa upole uleule wa siku zote, akamwonyesha meza ya kuangalia.

Basi siku hiyo wazee ndio waliokaribisha, wakarudia makaribisho, wakashika miavuli. Kudumu alimshikia Subira mwavuli kutoka mezani mpaka kwenye sanduku, na Subira, tusimsingizie wema asiokuwa nao, alitembea polepole sana. Vijana walipiga kura mpaka jioni, na wengine walitoka pale wakitazama wino kwenye kidole chao kwa mshangao, wakakataa kuugusa.

Sikuzani angependa kusema kwamba alifurahi bila doa. Lakini kijana mmoja mwenye haraka alikuwa amemvika kizibao Bi Staajabu, aliyekuwa kwenye foleni na kura yake ya Bi Tunu tayari moyoni, naye akashinda amesimama akipokea fimbo za watu wasiokuwa na fimbo. Walipofika nyumbani bibi alikunywa kahawa yake. Subira akakaa miguuni kwake.

"Leo nimekumbuka kijana anavyojisikia," Bi Staajabu alisema mwishowe. "Sikupenda hata kidogo."

"Nisamehe, bibi. Sikuona mlango mwingine."

"Sijasema umekosea. Nimesema sikupenda."

Subira akamjazia bibi kikombe. Sikuzani naye aliona haya kidogo, maana kutwa nzima alikuwa amecheka, na uchaguzi ambao wazee hawapigi kura si uchaguzi, kama ule wa vijana kutopiga kura usivyokuwa uchaguzi.

Baraza la wazee lilikutana asubuhi yake, likafuta matokeo. Sababu iliyotolewa ni kwamba kura zilipigwa na watu wasio na uzoefu wa kupiga kura. Likaitisha uchaguzi mwingine. Kisha, ili jambo kama lile lisitokee tena, wakafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kuthubutu, wakaibadili sheria ya jiwe. Fundi mchongaji aliitwa, akapanda ngazi, akakwangua maneno ya mababu na kuchonga mapya, kwamba tangu siku hiyo heshima inaweza kukataliwa na mkataaji asidhurike. Wazee walishikana mikono. Waliamini hakuna mtoto atakayewavika tena kizibao, na kwa hilo walikuwa sahihi. Katika baraza zima hakupatikana mtu wa kufikiri kwamba sheria inayomlinda mpewa haiulizi mpewa ni nani. Sikuzani alipoletewa habari alicheka mpaka majirani wakaja kumshukuru.

Niwaondoe wasiwasi mapema: chuo kipo. Bi Tunu alishinda ule uchaguzi wa pili kwa kura chache, kwa sababu wazee wengi walimpigia Kudumu kama ilivyo kawaida yao, na hakuna aliyewazuia. Kudumu anaishi vizuri, na akikutana na Subira njiani humwamkia yeye kwanza, jambo linalomkera Subira kuliko kufungwa chuo. Lakini ukimwuliza Sikuzani uchaguzi ule ulimalizika lini, hatakutajia saa ya kuhesabu kura. Atakwambia ulimalizika asubuhi, kabla karatasi hata moja haijaingia.

Asubuhi hiyo Bwana Adabu alisimama uwanjani na rundo la vizibao, akingoja wanafunzi wajipange upande wao. Hawakujipanga. Walikuja mmoja mmoja, wakaenda kusimama kwenye foleni, mkiani, nyuma ya wazee, kila mtu kwa zamu aliyofikia. Bwana Adabu alingoja. Alipoona uwanja wa upande ule unabaki mtupu, alichukua kizibao kimoja na kumfuata Subira kwenye foleni. Akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Asante, mzee wangu," Subira alisema. "Sitaki."

Si kwamba alilisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekataa sukari ya pili kwenye chai. Lakini watu wote kwenye foleni waligeuka, kwa sababu wengi wao walikuwa hawajawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa kijana. Bwana Adabu alibaki na kizibao chake mikononi, akitazama huku na huku, kama anayengoja kitu kianguke, na hakikuanguka kitu.

"Sasa nani atafanya kazi?" akauliza. Lilikuwa swali la kweli, na hakuna aliyemshukuru.

"Mimi," alisema Subira. "Kazi naijua, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Lakini kura yangu kwanza. Kiache hicho mezani, nikitoka kwenye sanduku nitakivaa."

Bwana Adabu akafikiri. Alitafuta kichwani mwake sheria inayomkataza aliyekwisha kupiga kura kuja kusaidia wenzake, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli katika mambo ya sheria, hakuipata. Akaenda kukiweka kizibao mezani, akakinyoosha mikunjo. Subira akasogea mbele hatua moja, nyuma ya bibi yake, foleni ikaendelea.